Namba Nne kwenye Orodha ya Geti

Nilikuwa nimeshika sahani ya chapati mkono mmoja na bakuli la achari mkono wa pili nilipoiona ile karatasi. Ilikuwa imelala mezani pale pale sahani ilipopaswa kukaa, nikaisogeza kwa kiwiko. Nisingeisoma kama jina langu lisingekuwamo. Lakini jina lako mwenyewe ukiliona mahali, macho hayakubali kupita.

Namba moja, Parminder Kaur, dada wa Kanali. Namba mbili, Harbans Kaur, mama mkwe wa dada. Namba tatu, Jaspal Singh, mpwa. Namba nne, Mumbi Njoroge, mhudumu wa mgonjwa.

Kulikuwa na safu nyingine pembeni, ya jina la baba au la mume. Wote watatu walikuwa wamejaziwa. Mimi nilipigiwa kistari.

Niliirudia mara mbili, kisha nikaweka chapati juu ya karatasi za matangazo ya pizza. Mgonjwa mwenyewe, Biji, yule namba mbili, nyanya yake Jaspal, alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha akibishana na mpishi wa kwenye televisheni, mdomo umejaa njugu. Miaka themanini na mitatu, na ugonjwa wake mkubwa ni ukaidi.

Naomba nieleze, maana hata mimi ilinichukua muda kuelewa uzito wa kikaratasi kile. Mwezi wa kumi na moja binamu yake Jaspal, Komal, alikuwa anaolewa Delhi. Baba yake Komal, Kanali Kuldip, ni ndugu wa pekee wa Anti Parminder, mama yake Jaspal, na anaishi Kantonmenti. Kantonmenti ni mji wa wanajeshi ulio ndani ya jiji. Anti alikulia humo kabla ya kuolewa Kenya, na hachoki kuusimulia: barabara zisizo na takataka, miti iliyopakwa chokaa shinani, hospitali yao, shule yao, klabu yao ya maofisa ambako harusi ingefanyika kwenye nyasi. Na kila upande kuna geti, na kila geti lina askari mwenye bunduki na orodha. Mwenyeji asipokuandika, huingii. Akikuandika, unaingia kama ulivyoandikwa, unalala ulipopangiwa, unakula na wa cheo chako.

Mimi nilikuwa nimejiandaa kuingia kama mchumba wa Jaspal. Nilikuwa nimeomba likizo wodini tangu mwezi wa tano. Mama yangu kule Limuru alikuwa amenishonea vitenge viwili, kimoja cha kijani na kimoja chekundu, akampa mtu aliyekuwa anakuja huku ughaibuni, Barking ninakoishi, anibebee. Aliniambia kwenye simu kwamba baba amekubali, shingo upande, ila anataka kujua kama watu hao watanitaja kwa jina mbele za watu. Nikamwambia watanitaja.

"Anti," nikaita, "njoo kidogo. Hii namba nne ni nani?"

Anti Parminder alitoka jikoni akijifuta unga. Ni mwanamke mfupi, mnyoofu, asiyekaa mpaka kila mtu ameshiba.

"Ni wewe, beti."

Beti maana yake binti. Ameniita hivyo tangu mwaka jana, na kila mara nilikuwa nikilegea kama siagi.

"Nimeandikwa mhudumu."

"Ni karatasi ya getini tu. Ndugu yangu ni mtu mkubwa, siku ile watakuja wakubwa wenzake. Tukiandika mengine, maswali yatakuwa mengi. Hivi unaingia bila shida." Akaikunja karatasi vizuri. "Na si uongo. Kila Jumapili si unampima Biji presha?"

Hapo ndipo nilipochomwa hasa. Ni kweli nampima. Nampima kwa sababu nampenda yule bibi, kwa sababu yeye ndiye aliyeniona kwanza, miaka miwili iliyopita, ndani ya tramu ya Croydon. Nilikuwa natoka kwenye lile jengo la uhamiaji na kibali changu kipya mkononi, nampa mama habari kwenye simu huku nalia, na kizee mmoja wa Kisingasinga akanigeukia na kuniuliza kwa Kiswahili cha dukani Nakuru nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, nimepata karatasi. Akaniambia basi nicheke. Mjukuu wake mwenye kilemba cha bluu akaniomba radhi, akanitazama, na akasahau kuacha kunitazama. Tangu hapo nampima Biji presha bila kuulizwa na mtu. Sikujua kama mapenzi yangu yalikuwa yanahesabiwa kazi.

Jaspal alikuwa amesimama mlangoni na jagi la lassi, kinywaji chao cha mtindi. Jaspal ni mpima macho, ana duka hatua chache kutoka kituo cha Rayners Lane. Mtu anayekagua macho ya watu siku sita kwa wiki, na siku ile akashindwa kuyaangalia yangu. Nikajua.

Nikatoka nje kwa mlango wa jikoni. Sikumwita, lakini alinifuata.

Bustani yao ni nyembamba, ina mbogamboga kwenye ndoo za rangi na kamba ya nguo. Vilemba vyake vilikuwa vimeanikwa, mita tano tano za kitambaa zikipepea katikati yetu, na kila upepo ukipuliza uso wake unatokea na kupotea. Alikuwa mzuri. Nasema kwa sababu ni kweli na kwa sababu iliniudhi. Unapotaka kumchukia mtu, angalau asiwe amekunja mikono ya shati namna ile.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Ijumaa."

"Imeshatumwa?"

Akashusha pumzi. "Imeshatumwa."

"Nani aliipiga picha akaituma?"

Ndege ya Heathrow ikapita juu, tukasubiri ngurumo yake iishe.

"Mimi," akasema mwishowe.

Akaanza kujieleza. Alisema mama yake alilia. Alisema alifikiri tukishafika Delhi atamweleza mjomba wake ana kwa ana, kistaarabu, baada ya harusi kupita, kwa sababu Komal hana kaka, na katika harusi ya Kisingasinga kaka za bibi harusi ndio wanaosimama pande nne za Kitabu Kitakatifu na kumpokezana dada yao anapokizunguka. Komal alikuwa amemwomba Jaspal asimame wa kwanza. Walikuwa wameahidiana hilo tangu Jaspal ana miaka minane, alipokwenda likizo kule na yule mtoto akamng'ang'ania mguu asirudi Kenya. Hakutaka kuiharibu siku yake.

"Nami ningekuwa wapi wakati wewe umesimama?" nikamuuliza.

"Pale pale, na Biji."

"Biji mwenyewe aliwahi kuniambia wahudumu wa wageni wanalala wapi kule. Umemuuliza?"

Hakuwa amemuuliza. Nikamwambia. Nyuma ya kila nyumba ya ofisa kuna safu ya vyumba, na huko ndiko wanakolala wapishi, madereva, wafagiaji, na wahudumu wa wagonjwa waliokuja na wageni. Wanakula huko huko. Si watu wabaya, ni watu kama mimi na mama yangu, na nisingeona haya kukaa nao. Ila mimi sikuchumbiwa na mpishi.

Niliona uso wake ukibadilika. Hakulijua hilo, na nilimwamini. Alinyoosha mkono akaligusa bega langu, na mwili wangu mjinga ukataka kumwegemea palepale. Nilimpenda wakati ule kuliko siku zote. Nikaurudisha mkono wake.

"Tunaweza kubadilisha," akasema. "Nikuandike rafiki wa familia. Rafiki hawezi kupelekwa nyuma."

"Kesho nitakuwa nani tena, jirani?"

"Mumbi, ni siku tano tu."

"Wewe ndiye unayesema ni siku tano. Mimi naona ni maisha. Leo ni geti la mjomba wako. Mwaka ujao ni harusi ya mwingine, kisha ni mtoto wetu, ataulizwa yule mweusi ni nani, na wewe utakuwa unatafuta neno lisilomuudhi mtu."

Nikaingiza vidole ndani ya kola nikavuta mkufu. Pete aliyonivisha mwezi wa tatu ina jiwe, na wodini haturuhusiwi pete ya jiwe, kwa hiyo huivaa shingoni. Anti alikuwa ameuona ule mkufu Jumapili nyingi na hakuwahi kuuliza kilichoning'inia. Nikaitoa pete nikaiweka kidoleni, mbele yake.

"Nisikilize vizuri," nikamwambia. "Kama namba nne si mchumba wako, basi namba nne haipo. Delhi haipo na hapa Rayners Lane haipo. Sitakupigia kelele wala sitakulaani. Nitapanda treni nirudi Barking, nitaiposti pete hii, na utatafuta mtu mwingine wa kumpima Biji presha."

Nikarudi ndani kabla hajajibu, maana nilijua nikikaa sekunde moja zaidi nitalia, na sikutaka aamue kwa sababu ya machozi.

Anti alikuwa amepakua. Sahani nne, kama kila Jumapili. Aliona pete, akaitazama kama mtu anayetazama moto kwenye pazia, akaendelea kugawa dengu. Ningeweza kula nikanyamaza. Wanawake wengi wazuri kuliko mimi wamenyamaza kwenye meza kama ile.

"Anti, naomba nikukumbushe kitu," nikasema. "Ulinisimulia mwenyewe, siku tulipokuwa tunakata vitunguu vya harusi ya jirani."

Alijua ninachotaka kusema kabla sijakisema. Kijiko kilisimama hewani.

Baba yake Anti alikuwa subedar. Ni cheo kikubwa kwa askari wa kawaida, lakini si ofisa, na mle Kantonmenti tofauti hiyo ilikuwa ukuta. Parminder alikuwa na miaka tisa alipoalikwa birthday ya mtoto wa meja. Alivalishwa gauni jipya, akamshika mdogo wake Kuldip mkono, wakaenda. Pale getini askari alitazama orodha akawaambia watoto wa subedar waingilie geti la jikoni. Wakaingilia huko. Walikula keki wamesimama kando ya sinki. Kuldip aliapa siku ile kwamba atakuwa ofisa, na akawa.

"Hilo nilikusimulia kama mtu wa nyumbani," Anti akasema polepole.

"Basi niandike kama mtu wa nyumbani."

Mpishi wa televisheni akasikika anasema tuongeze chumvi. Biji akachukua rimoti akamzima.

Anti alijibu kwa sauti ya chini kwamba mimi sijui, sijui kabisa. Alisema ndugu yake amepanda ngazi kwa kucha, na kule juu bado kuna watu wanaomhesabia cheo cha baba yake. Alisema yeye mwenyewe akienda huitwa dada wa kutoka Afrika, huchekwa kwa namna anavyotamka, na amejifunza kutoongeza sababu ya kuchekwa. Nilimhurumia kweli. Lakini huruma ni kitu kimoja na kukubali ni kingine.

Jaspal aliingia kutoka bustanini. Alikuwa na simu mkononi. Aliiweka katikati ya meza, kati ya dengu na achari, akabonyeza sauti isikike na wote. Ilikuwa saa nane mchana kwetu, jioni Delhi. Ikaita mara tatu.

Kanali Kuldip ana sauti nzuri, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Aliuliza hali ya dada yake, ya Biji, ya mvua. Waliongea Kiingereza, na mimi nayaandika kama nilivyoyasikia.

"Mjomba, orodha ya geti ina kosa," Jaspal akasema. "Nimeituma mimi, kosa ni langu. Namba nne si mhudumu. Ni mchumba wangu. Tutaoana."

Anti alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Kanali hakufoka, na ningependa afoke. Alisema kwa upole kwamba tetesi zilikuwa zimemfikia. Alisema hana neno na msichana, amesikia ni muuguzi hodari. Lakini klabu si nyumba yake, na bosi wake atakaa safu ya mbele, na siku hiyo ni ya Komal, watu wasije wakatoka wakizungumza jambo jingine.

"Mhudumu nampitisha kesho asubuhi," akasema. "Mchumba simpitishi. Nadhani umenielewa, kijana wangu."

Jaspal alinitazama. Mara ya kwanza siku ile alinitazama moja kwa moja, bila kupepesa, kama alivyonitazama ndani ya tramu.

"Nimekuelewa, Mjomba. Basi futa na namba tatu."

"Namba tatu ni wewe."

"Najua."

"Unajua Komal hana kaka? Nani atasimama wa kwanza?"

"Sijui." Sauti yake ilikwaruza, na nikajua ilimuuma hadi mfupani. "Nilimwahidi. Leo nitampigia mwenyewe nimweleze kwa nini simsimamii. Sitasema uongo mwingine."

"Na namba mbili," ikasema sauti kutoka dirishani, kwa Kiswahili, njugu zikiwa bado mdomoni. "Mwambie huyo. Mgonjwa hasafiri bila mhudumu wake."

"Nani huyo anaongea?" Kanali akauliza.

"Ni namba mbili, Mjomba," Jaspal akasema. "Naye anajitoa."

Simu ilikatwa kule Delhi. Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine tungecheka mpaka tuanguke. Anti Parminder alikuwa amebaki peke yake kwenye orodha. Aliniuliza kama sasa nimefurahi. Nikamwambia hapana, na ilikuwa kweli. Nilikuwa nimepata nilichotaka na moyo wangu ulikuwa mzito. Jaspal alikuja akasimama nyuma ya kiti changu, akaweka mikono yake mabegani mwangu mbele ya mama yake, kitu ambacho hakuwahi kufanya, na safari hii sikuirudisha.

Ndipo simu ya Anti ikalia kwenye mfuko wa aproni yake. Aliitoa akasoma jina. Jaspal akanyoosha mkono.

"Acha," mama yake akasema. "Huyu ni ndugu yangu. Nitaongea mimi."

Aliongea Kipunjabi, amesimama, mgongo umenyooka kama askari wa gwaride. Mimi Kipunjabi changu kinaishia kwenye vyakula. Nikamsogelea Biji nikamnong'oneza anieleze.

"Anasikiliza tu," Biji akasema kwa Kiswahili chake cha dukani. "Kuldip anasema mingi sana. Komal iko pale, nalia." Akasubiri. "Sasa Parminder nauliza yeye kama nakumbuka geti ya jikoni."

Anti akaendelea, taratibu, bila kupandisha sauti.

"Nasema siku ile Kuldip nalia, yeye napanguza macho yake na gauni mpya. Nasema yeye nabeba yeye mgongoni mpaka nyumbani." Biji akaacha kutafuna. "Nasema, wewe sasa ndiyo nashika orodha, Kuldip. Sasa geti ni yako."

"Na sasa, Biji? Anasema nini?"

"Ngoja, mtoto. Na mimi nasikia."

Mazungumzo hayakuchukua dakika tano. Anti alikata simu, akaitazama kidogo, akairudisha mfukoni. Macho yake yalikuwa mekundu. Akaikunjua ile karatasi, akainyoosha mezani kwa kiganja, akachukua kalamu iliyokuwa juu ya friji.

"Hajasema ndiyo," akasema. "Kuldip hajui kusema ndiyo. Ila ameuliza jina la baba yako."

Sikuelewa.

"Jamaa huandikwa jina la baba," akasema. "Mhudumu haulizwi. Haya, nani?"

"Harrison," nikasema. "Harrison Njoroge."

Aliliandika juu ya kile kistari, kwa herufi kubwa, akinitaka nimtajie moja moja. Kisha akakata neno mhudumu kwa mstari mmoja uliokaribia kutoboa karatasi. Hakuniomba msamaha na sikumwomba. Alinisogezea dengu.

"Chakula kinapoa," akasema. Halafu, bila kuniangalia: "Utavaa nini?"

"Kitenge alichonishonea mama."

Nilisubiri aseme salwar, vazi lao la Kipunjabi, ingefaa zaidi. Alifikiri, akameza alichotaka kusema.

"Kisiwe chekundu tu. Nyekundu ni ya bibi harusi."

"Nina cha kijani," nikamwambia.

Chini ya meza Jaspal alitafuta mkono wangu, akaupata, akazungusha pete kidoleni kwa kidole gumba chake. Nilikuwa bado nimemkasirikia, na alijua, na hakuuachia. Cha kijani nitaingia nacho getini, nikawaza. Chekundu nitakiweka kwa siku yangu.